Kompyuta ya Nyumbani na Mfumo Huria



Mzazi mmoja wa mtaa wetu hapa Lubumbashi, mwenye watoto wanne shuleni, alinisimamisha njiani nilipokuwa nikitoka kazini. Uso wake ulikuwa mzito. «Mwalimu,» akaniambia, «kompyuta yangu imekufa.» Nikamwuliza: imekufa namna gani? Imeungua? Imeanguka? «Hapana,» akajibu, «yawaka vizuri, ingawa yakokota miguu. Lakini kijana wa dukani amenieleza kwamba wakati wake umekwisha. Mfumo wake hautunzwi tena na wenyewe, na mfumo mpya hauwezi kuingia ndani yake. Asema ninunue nyingine kwa dola 350.» Fedha hizo alikuwa nazo. Zilikuwa minervali ya watoto.

Nilimwomba asitoe hata faranga moja mpaka tumezungumza. Habari yangu ya leo ni mazungumzo yale, maana najua kwamba baba na mama wengi wako katika shida ileile, na kwamba katika nyumba nyingi mashine imefunikwa kitambaa pembeni, nayo ni nzima.

Kwanza tuseme haki. Kijana yule hakudanganya. Kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 10 mwezi wa Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 ikaacha kuitunza bure kwa watu wote. Waliojiandikisha waliongezewa muda hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kuacha kuitunza maana yake nini? Ni kwamba ufa ukivumbuliwa ndani ya programu, ambao wezi wa mitamboni waweza kuupitia, hapana fundi tena wa kuuziba. Na Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, yadai kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM cha aina ya 2.0, tena yadai kichakato cha miaka ya karibuni. Kwa vichakato vya Intel, karibu vyote vilivyotangulia kizazi cha 8 havikubaliwi. Basi kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2013, hata kama mwili wake hauna kasoro, huachwa mlangoni.

Kosa la jirani yangu lilikuwa moja tu: alidhani mashine na mfumo wake ni kitu kimoja.

Je, mfumo endeshi ni kitu gani? Ni programu ya kwanza inayoamka ukiwasha kompyuta. Ndiyo inayoamuru kibodi isikilizwe, skrini ionyeshe, diski ipokee na kutoa, na programu nyingine zote zingoje zamu zao. Huo ni msimamizi wa nyumba, wala si nyumba yenyewe. Msimamizi akiondoka, kuta hazianguki. Nyumba yaweza kupata msimamizi mwingine, pengine asiyekula sana kama yule wa kwanza.

Nilimweleza hayo bila kutafuta vitabuni, kwa sababu yalikuwa yametupata sisi wenyewe nyumbani mwaka uliotangulia. Na hapo yanipasa kuungama neno ambalo mwalimu hapendi kuliandika gazetini. Kompyuta yetu tuliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na wengine, na Windows iliyokuwamo haikulipiwa na mtu yeyote. Kijana mmoja wa mjini aliiweka kwa dola 10, akaongeza programu ndogo ya kudanganya ili isidai ufunguo. Nilijua. Nilijiambia kwamba kampuni ile ni tajiri, na mimi ni maskini, na hivi ndivyo wafanyavyo wote. Miaka mitatu nilikaa na jibu hilo.

Jioni moja nilikuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi, nikalalamika kwa sauti kubwa kwamba watatu walikuwa wamenakiliana insha neno kwa neno. Mke wangu alikuwa akikunja nguo. Hakuinua hata kichwa. «Na hiyo mashine unayoandikia alama zao za sifuri,» akasema, «programu yake imenakiliwa kwa nani?»

Sikuwa na neno. Amri ya saba twaifundisha watoto tangu kalasi ya kwanza, na hapana sehemu yake isemayo kwamba kitu kisichoshikika kwa mkono kimeruhusiwa kuibwa.

Tena wizi ule ulikuwa umeanza kujilipa wenyewe. Programu za kudanganya ufunguo mara nyingi huja na wageni wasioalikwa. Virusi vimoja vilikuwa vikificha folda zetu kila tulipochomeka fleshi, na mahali pake kuweka vijifaili vya uongo vyenye jina lilelile. Mashine ilichukua dakika saba kuamka. Niliipima kwa saa ya mkononi. Mwana wetu mdogo alikuwa akiiwasha, kisha anakwenda kuchota maji, akirudi ndipo aanze kazi yake ya shule.

Ndipo mwenzangu mmoja anayefundisha hesabu akanitajia Linux. Jina nilikuwa nimelisikia, nikidhani ni jambo la wahandisi wa Ulaya. Aliponieleza asili yake, nilitamani kuijua zaidi, na nadhani hata ninyi yafaa mwielewe kabla ya kugusa mashine, maana asiyejua asili hudhani bure hii ni mtego.

Huko Marekani, katika maabara ya chuo cha MIT, alikuwako mwandishi wa programu jina lake Richard Stallman. Mashine ya kuchapia ya maabara ilikuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Yeye alitaka kuirekebisha programu yake ili iwape watu habari inapokwama, lakini alinyimwa maandishi asilia ya programu ile, yaani maneno ambayo mwandishi huyaandika kabla mashine haijayageuza kuwa tarakimu zake. Aliyekuwa nayo alikuwa ametia sahihi kwamba hatayatoa. Stallman aliona vibaya: fundi hodari amesimama mbele ya chombo kibovu, na aliyekifungia amekwenda na ufunguo. Mwezi wa Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima utakaokuwa huria, akauita GNU. Mwaka 1985 akaanzisha shirika, Free Software Foundation, na mwaka 1989 ikatoka hati ya sheria iitwayo GPL.

Hati hiyo ndiyo moyo wa jambo zima. Yasema kwamba programu hii waweza kuitumia kwa kazi yoyote, waweza kuifungua na kuona ilivyoandikwa, waweza kuibadili, waweza kuwapa wengine, iwe kama ulivyoipata au kama ulivyoibadili. Sharti ni kwamba ukimpa mwingine, umpe pamoja na haki zizo hizo. Usifunge mlango ulioukuta wazi. Angalieni basi: neno lililo kubwa hapa ni huria, si bure. Bei yaweza hata kuwapo. Lakini aliyeipata hawezi kukatazwa kumnakilia ndugu yake. Kile kilichokuwa wizi nilipokifanya kwa programu ya wengine, hapa ndicho mwenyewe aliyeandika anachotaka ufanye.

Mfumo wa Stallman ulikuwa na zana nyingi, ila ulikosa kiini kilicho tayari. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, aliandika tarehe 25 Agosti ujumbe kwa wenzake kwamba anatengeneza mfumo, kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa mkubwa. Mwaka uliofuata akauweka chini ya hati ile ya GPL. Kiini hicho ndicho Linux. Leo simu yoyote ya Android iliyomo mfukoni mwenu yatembea juu ya kiini hicho, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo na nguvu kupita zote duniani, kadiri ya orodha inayotolewa mara mbili kwa mwaka, zinatumia huo. Mwanafunzi yule alikosea kidogo juu ya ukubwa!

Watu wengine wakakusanya kiini, zana, madirisha ya skrini na programu za kuandikia, wakafunga vyote katika kifurushi kimoja ambacho hata mama wa nyumbani aweza kukitumia. Ndivyo ilivyozaliwa Debian mwaka 1993. Ndivyo ilivyozaliwa Ubuntu mwezi wa Oktoba 2004, kazi aliyoianzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyesafiri angani mwaka 2002. Jina hilo, wasomaji, halihitaji kutafsiriwa kwetu: ni utu, ndilo lilelile ambalo Waluba wasema bumuntu. Hata mwaka 2011 walikuwa wakiwatumia watu sahani za Ubuntu kwa posta, pasipo malipo, hata Afrika. Linux Mint ikafuata mwaka 2006, kazi ya Mfaransa Clément Lefebvre, iliyojengwa juu ya Ubuntu na yenye sura inayofanana na ile tuliyoizoea. Hiyo ndiyo tuliyoichagua nyumbani, katika aina yake nyepesi iitwayo Xfce, kwa sababu mashine yetu ina gigabaiti 4 tu za kumbukumbu.

Huenda mtu akauliza: vitu vya namna hii si vya kuchezea tu? Polisi wa jeshi wa Ufaransa, ndio wale Gendarmerie, walianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008, nao wana makumi ya maelfu ya kompyuta zinazofanya kazi hivyo. Lakini nisiwafiche upande wa pili. Mji wa München, huko Ujerumani, uliamua kuhama mwaka 2003, ukafanya kazi kubwa ya miaka kumi, na mwaka 2017 halmashauri yake ikaamua kurudi Windows. Huko kulikuwa na siasa, kulikuwa pia na watumishi waliochoka na programu zisizopatana. Kuhama si muujiza. Ni kazi, na kazi huweza kuharibika.

Yetu ilikaribia kuharibika siku ya kwanza kabisa, na sehemu hii naomba isomwe polepole.

Kuweka mfumo mpya mahali pa ule wa zamani na kufuta diski ni jambo moja. Vitu vyote vilivyokuwamo hutoweka. Basi sharti kwanza kuvitoa. Sisi tulikuwa na gigabaiti 19: alama za wanafunzi za miaka minne, hesabu za cherehani za mke wangu, picha za ubatizo wa watoto, na faili moja ya sauti. Faili hiyo ni ya mama yangu mzazi. Mwaka 2017 tulimketisha chini ya mwembe, tukawasha simu, naye akataja majina ya ukoo wetu, wa kuumeni na wa kukeni, nani alizaliwa na nani, nani alihamia wapi wakati wa kazi za shaba, nani alioa wapi. Ni dakika 41. Mama alifariki mwaka 2019. Katika ukoo wetu hapana mwingine aliyekuwa akijua majina yale yote, na simu iliyoyanasa ilikwisha kuibwa zamani.

Nilikwenda sokoni, nikanunua fleshi iliyoandikwa gigabaiti 64, kwa bei iliyonifurahisha. Nikanakili vyote. Mashine haikunung'unika. Majina ya faili yote yalionekana katika fleshi, yamejipanga vizuri. Nikasema: haya, tufute. Kidole changu kilikuwa tayari.

Mke wangu akasema: «Tumsikilize mama kwanza.»

Nikaona anapoteza wakati, lakini nikafungua faili ile katika fleshi. Haikufunguka. Nikafungua picha za ubatizo: ya kwanza, ya pili, ya tatu zilionekana, zilizofuata zilikuwa nusu picha na nusu rangi ya kijivu, zilizobaki zilikataa kabisa. Mikono yangu ilianza kutetemeka, ingawa vitu vyenyewe vilikuwa bado salama katika kompyuta.

Mwenzangu wa hesabu alinieleza kesho yake. Fleshi za namna hiyo zimejaa masokoni. Ndani yake mna gigabaiti 8 tu, lakini kijichombo chake cha kuongoza kimeandikwa uongo ili kiiambie kompyuta kwamba ni 64. Kompyuta husadiki, huendelea kumimina. Nafasi ya kweli ikijaa, kinachofuata huandikwa juu ya cha kwanza au hutupwa tu. Lakini orodha ya majina hubaki, nawe waona majina ukadhani una vitu. Ni kitabu chenye yaliyomo bila kurasa.

Basi, enyi baba na mama, mkinikumbuka kwa jambo moja katika makala haya, liwe hili: msifute kitu kabla hamjakinakili mahali pawili, na hamjakifungua mahali pale pawili kwa macho na masikio yenu wenyewe. Tuliazima diski ya nje ya mwenzangu, tukanakili upya, tukaweka na nakala nyingine katika kompyuta ya shemeji. Kisha tukaketi, sisi sote na watoto, tukamsikiliza mama dakika zote 41. Tulichelewa kula.

Yaliyobaki si magumu kama watu wanavyoogopa. Faili ya Linux Mint ni karibu gigabaiti 3, na kwa bei ya megabaiti za kwetu huo ni mzigo. Si lazima kila jamaa iushushe toka intaneti: anayo mmoja, awape kumi, hati yaruhusu. Ila kwa kuwa imepita mikononi mwa watu, yafaa kupima kama haikuharibika wala kutiwa kitu. Waliotengeneza hutangaza tarakimu ndefu ya kila faili, iitwayo sha256. Kompyuta huikokotoa upya, nawe walinganisha. Herufi moja ikitofautiana, itupeni. Halafu faili hiyo huandikwa katika fleshi (ya kweli!) kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kuinakili hivihivi tu hakutoshi.

Ukizima kompyuta, ukaiwasha huku ukibonyeza kitufe chake cha kuchagua (katika nyingi ni F12, katika nyingine F9 au Esc), waiambia ianzie kwenye fleshi. Na hapa pana uzuri ambao sikuutazamia: mfumo mpya huamka wote kutoka katika fleshi, bila kugusa diski yako. Waweza kutembea ndani yake siku nzima kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kuipanga. Jaribuni sauti, jaribuni skrini, jaribuni printa. Kwetu intaneti isiyo na waya ilikataa, kwa sababu kijichombo chake chatumia programu ambayo waliokitengeneza hawakuifanya huria. Tulichomeka simu kwa waya wake, tukapata intaneti kupitia simu, tukafungua meneja wa viendeshaji, akaitafuta programu iliyokosekana akaiweka. Dakika kumi. Kama ingekataa kabisa, tungejua kabla ya kufuta kitu.

Kuweka kwenyewe kulichukua karibu nusu saa. Chagueni saa ambayo umeme una tabia njema, maana betri ya mashine kuukuu ni jina tu. Mfumo huuliza: je, nikae pembeni ya Windows, au nifute yote? Aliye na diski kubwa na moyo wa wasiwasi achague kukaa pembeni. Kila awashapo ataulizwa anataka upi. Mimi niliamua kufuta, kwa sababu sikutaka ile programu ya wizi inibakie chumbani.

Kosa langu la pili lilikuwa la kuchekesha. Mfumo uliniuliza kibodi ni ya namna gani, nami kwa haraka nikaacha ya Kiingereza. Kibodi zetu huku ni za Kifaransa, zenye A mahali ambapo Waingereza huweka Q. Niliandika neno la siri, likakubaliwa. Kesho yake nikaona herufi zinachanganyika, nikarekebisha kibodi kuwa ya Kifaransa. Skrini ikajifunga yenyewe nilipokwenda kunywa chai. Niliporudi, neno langu la siri likakataliwa mara tano. Nilikuwa nimekwisha kuona aibu mbele ya jamaa nzima, ndipo binti yangu wa sekondari akasema: «Baba, siku ile mashine ilidhani wewe ni Mwingereza. Penye A bonyeza Q, penye Z bonyeza W.» Mlango ukafunguka. Nimempa kazi ya kutunza kompyuta tangu siku hiyo.

Sasa, maisha ndani ya mfumo huu yakoje? Mashine huamka kwa muda wa kusali Baba Yetu mara mbili, si zaidi. LibreOffice imekuja ndani yake tayari, kwa barua, kwa majedwali, kwa hesabu za cherehani. Firefox imo. Virusi vile vya fleshi vyabaki kama mbegu juu ya mwamba, kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya Windows. Lakini msivipeleke kwa jirani ambaye bado anayo, wala msidhani Linux haina maradhi yake. Masahihisho hutoka mara kwa mara na yapasa kuwekwa. Linux Mint 22 imeahidiwa kutunzwa hadi mwaka 2029. Megabaiti za masahihisho huniumiza, nami hubeba mashine hadi mahali palipo na intaneti ya pamoja, mara moja kwa majuma mawili.

Lugha ya skrini yetu ni Kifaransa, maana tafsiri ya Kiswahili haijakamilika. Nalisema kwa masikitiko kidogo, kwa kuwa njia ilikwisha kuonyeshwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema na mtu kwa Kiswahili. Hawakupiga magoti kwa kampuni kuomba ruhusa. Maandishi yalikuwa wazi, wakakaa, wakatafsiri. Kazi hiyo yangoja vijana wengine, na wanafunzi wangu wa kalasi za juu nimewaambia hivyo.

Yasiyokwenda ni haya. Mitihani yangu yenye majedwali, nikiifungua katika Word ya shuleni, mistari husogea. Nimejifunza kupeleka PDF kwa kuchapa. Sehemu ya printa yetu inayonakili picha haijakubali hadi leo, na nimeacha kugombana nayo. Na mtu ambaye kazi yake yategemea programu moja iliyoandikwa kwa Windows tu, kama vile programu fulani za uhasibu, asihame kabla ya kuuliza. Rafiki yangu karani wa duka nilimkataza kabisa. Akashangaa, akidhani nitamshawishi.

Turudi kwa jirani yangu. Alikuja Jumamosi, kompyuta kwapani, mke wake nyuma akiwa na mashaka yaliyoonekana wazi. Tuliiwasha kwa fleshi. Ikaamka upesi, nao wakatazamana. Lakini tulipokagua diski yake kwa chombo kilichomo ndani ya Mint, kikatuonyesha kwamba diski yenyewe inakufa: sehemu nyingi zilikuwa hazisomeki tena. Kumbe kule kukokota miguu hakukuwa kwa ajili ya mfumo peke yake. Kama tungeweka Linux juu ya diski ile, baada ya mwezi angekuja kunilaumu, naye angekuwa na haki.

Tuliokoa kwanza picha zao, zilizookoka. Thelathini na mbili hazikufunguka. Mke wake alizitazama majina yake moja moja, asiseme kitu. Kisha jirani akanunua diski ya namna ya SSD, ndogo, iliyotumika, kwa dola 18, fundi akaifunga kwa skrubu nne, nasi tukaweka Mint. Minervali ililipwa muhula ulipoanza, imepungua dola zile 18 tu, ambazo alizijazia kwa kuuza kuku wawili.

Wiki ijayo ataniletea kompyuta ya shemeji yake wa Likasi. Nimemwambia shemeji atangulie kunakili vitu vyake katika diski nyingine, na aje nayo, tuifungue faili kwa faili mezani pangu kabla sijagusa kitufe chochote.